Kupe Niliyempa Jina Lisilo Lake

Vijana wa maabara mnaozungumza lugha yetu mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Kazi ilikuwa kukata miguu ya kupe. Nimeikata kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na siku niliyostaafu nikapewa keki ya kijani na shada la maua. Vyeo na mishahara siandiki: vyeo sikuvipata, na mshahara wenu mnaujua, upunguzeni kidogo mtapata wangu. Naandika yale yatakayowasaidia ninyi, na moja ambalo halinisaidii mimi hata kidogo.

Jina langu ni Mwanahamisi. Waswidi waliliona refu wakalikata, likabaki Mwana. Niliingia kazini nikiwa Mwana, nikaota mvi nikiwa Mwana, na barua ya kunitakia uzee mwema iliandikwa kwa Mwana. Sikuwahi kuwaeleza maana yake, maana nilitaka kuwa na kitu kimoja pale kazini ambacho mimi nakijua na wao hawakijui.

Kabla ya hapo nilikuwa msaidizi wa mifugo kwenye josho moja wilayani, huko Tanga. Pale huhitaji kumtafuta kupe. Ng'ombe anatoka kwenye dawa akitiririka, unamshika sikio, unahesabu. Nilikuwa namjua kwa kidole kupe wa sikio, kupe wa bluu na yule mwenye miguu ya madoadoa, wakati mdomo wangu unaendelea kugombana na mchungaji aliyeleta ng'ombe nusu na kuwaficha nusu. Halafu nikapata nafasi ya mafunzo ya miezi sita Stockholm. Miezi sita hiyo haijaisha mpaka leo.

Siku ya kwanza nilivaa gauni la kitenge na viatu vya kisigino, nikabeba vyeti vyangu vyote kwenye bahasha. Aliyenipokea alikuwa Berit, mwanamke mfupi mwenye sweta alilolifuma mwenyewe na kifuko kidogo cha ugoro chini ya mdomo wa juu. Nilimwita Madam. Akageuka kuangalia ni nani aliyeingia nyuma yake. Nilipomwambia kwamba ninamsalimu yeye, akasema anaitwa Berit tu. Nikasema, "Ndiyo, Madam Berit." Vyeti hakuvitazama. Alinipeleka jikoni akanionyesha sinki na kunieleza kwamba hapa kila mtu anaosha kikombe chake, hata mkurugenzi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya utawala, na ninaapa hayajapitwa na wakati.

Kisha akaniweka mbele ya hadubini, akalaza kupe mmoja kwenye kioo na kuniuliza ni nani. Nikamtajia jina mara moja, kwa sauti ya mtu aliyetoka joshoni. "Titta igen," akasema, angalia tena. Nikaangalia, nikarudia jina lile lile. Akasema tena niangalie. Mara ya tatu ndipo nilipohesabu miguu, ikawa sita. Alikuwa kupe mchanga ambaye hajaota miguu yote minane, na mimi nimempa jina la mtu mzima wa aina nyingine kabisa. Berit hakucheka wala hakunikemea. Alikwenda kunywa kahawa, akaniacha na kupe wangu nimtazame mpaka nichoke.

Watu walikuwa wanatuletea kupe kwa kila njia. Wengine waliwabandika kwa gundi ya karatasi juu ya kadi, wakawabana vizuri wakabaki rangi tu. Wengine walituma kichwa peke yake, mwili ukiwa umebaki kwa mbwa, au mwili peke yake, kichwa kikiwa kimebaki kwa baba mkwe. Tulipokea punje za dengu, mbegu za ufuta, kigaga cha kidonda, na mara moja kifungo cha shati. Kila bahasha ilikuwa na barua ya kurasa mbili inayoeleza jinsi familia ilivyokuwa na furaha kwenye nyumba ya likizo kisiwani kabla ya mkasa.

Lakini kuna kupe wazima, wenye kichwa na miguu, ambao hata ukiwalaza ubavu kwa ubavu chini ya hadubini unaweza kubishana na mwenzako mpaka chai ipoe. Kwa ajili ya hao ndipo vinasaba vilipoingia. Unakata mguu mmoja, unauloweka kwenye dawa ya kuuyeyusha, unauweka kwenye joto. Mashine inachukua kipande kimoja cha vinasaba, kile ulichokichagua, inakizidisha mno mpaka kiweze kusomwa. Kipande hicho ndicho alama: kinatofautiana herufi chache kutoka aina moja ya kupe hadi nyingine. Herufi zako unazipeleka kwenye hazina ya mtandaoni, ambako maabara za dunia nzima zimeweka herufi za kupe wao pamoja na majina. Kompyuta inakuletea orodha, anayefanana zaidi na wako akiwa juu kabisa.

Berit alijifunza haya yote akiwa karibu kustaafu, akayajua kuliko waliotufundisha. Ila hakuyaheshimu sana. "Kompyuta haimjui kupe," alikuwa akiniambia. "Inajua tu kwamba kuna mtu mahali fulani alisema kitu." Sheria yake ilikuwa macho kwanza, mashine baadaye. Na mguu ni mmoja tu. Mwili unabaki kwenye spiriti, stoo, milele, ili atakayekuja kutubishia awe na kitu cha kushika. Mimi nilizifuata sheria hizo alipokuwa nyuma yangu.

Alipoondoka akaja Magnus kuwa mkuu wa kitengo. Magnus ni mtu mwema sana. Hajawahi kumwambia mtu hapana. Husema "tutaliangalia", na jambo linakufa lenyewe kwa amani. Alikuwa akiitisha kikao cha kuamua kama tunahitaji kikao. Aliipenda mashine kwa moyo wote kwa sababu mashine haibishani, na hadubini ya Berit akaipeleka stoo, akisema inachukua nafasi ya kuwekea mmea.

Siku moja mama mmoja mwenye nyumba visiwani alituletea kitu kidogo cheusi kilichokunjamana, akidai kilimng'ata mjukuu. Nilikishika nikamwambia Magnus hii ni zabibu kavu. Akanijibu kwamba mteja ameomba vinasaba. Nikaendesha mashine, haikupata kupe. Magnus akaniagiza nirudie, huenda kupe ameharibika. Nikarudia mara mbili. Mwisho tukamwandikia barua yenye nembo kwamba kielelezo chake hakionyeshi ushahidi wa kijenetiki wa kupe. Neno zabibu halikutajwa popote, kwa heshima ya mteja.

Mnacheka, lakini nami nilikuwa nimeshaanza kuwa hivyo hivyo. Macho kwanza yalikuwa yamegeuka macho kamwe. Nilikuwa nakata mguu kabla hata sijamtazama kupe, naingiza herufi, nasoma mstari wa kwanza wa orodha, nanakili jina, nasaini, naenda kunywa kahawa. Nilikuwa mwepesi, na watu walidhani wepesi huo ni utaalamu. Nami sikuwasahihisha.

Ndipo alipokuja Furaha. Wengi wenu mnamjua. Alizaliwa Bukavu, akakulia Tumba, pembezoni mwa Stockholm, na Kiswahili chake kimebeba Kifaransa mgongoni. Alikuja kwa mkataba wa muda, akitokea kwenye zamu za usafi wa hospitali alizofanya huku akisoma. Wiki ya pili aliishusha hadubini kutoka stoo, akaifuta vumbi, akauhamishia mmea wa Magnus dirishani. Kila kupe alimchora kwa penseli kabla ya kumkata. Nilimwita Profesa, na sikumaanisha sifa.

Mkataba wake ulikuwa unaisha wiki ile ile ninayostaafu mimi. Magnus alikuwa na njia mbili: kumwajiri Furaha moja kwa moja kwenye kiti changu, au kutomwajiri mtu na kuiachia mashine. Akaniomba tathmini ya maandishi. Furaha alijua kwamba inaandikwa na nani anaiandika. Ikienda vibaya, anarudi kusubiri simu ya zamu ya kupiga deki. Hakuniuliza chochote kuhusu tathmini hiyo, na mimi nilikaa nikifurahia kidogo kuwa na kalamu mkononi, tuseme ukweli.

Kipindi hicho hicho Mzee Okello akaja kaunta na chupa ya jemu. Mzee Okello ni Mganda, alikuja hapa mkimbizi, akafanya kazi ya ufundi wa reli mpaka akastaafu. Tunafahamiana kutoka kwenye misiba na harusi. Baada ya kufiwa na mkewe alichukua mbwa wa kuokotwa kutoka kusini mwa Ulaya, akaishi naye ghorofani Hässelby, na jamii yetu yote ikamcheka, Wakristo kwa Waislamu, kwa umoja ambao sijauona kwenye jambo jingine. Ndani ya chupa kulikuwa na kupe wawili wa kahawia aliowatoa kwenye sikio la mbwa.

Kuna kupe wa kahawia wa aina mbili mnaopaswa kuwajua. Wanafanana sana. Mmoja ni wa porini, ukimleta ndani ya nyumba ya hapa anakufa bila kuacha ukoo. Wa pili ni wa nyumbani: anaishi na mbwa chini ya dari moja, anataga kwenye nyufa za ukuta, na joto letu la ndani wakati wa baridi linamfaa kabisa. Majina yao ya Kilatini mnayo vitabuni. Kwa Mzee Okello tofauti ilikuwa kati ya kupuliza dawa nyumba nzima na kutofanya chochote.

Nikakata mguu wa mmoja wao. Mashine ikafanya kazi yake. Mstari wa kwanza ukasema wa porini. Nikampigia Mzee Okello nikamwambia asiwe na wasiwasi, apitishe mashine ya kufyonza vumbi, watakufa wenyewe. Akanishukuru na kuniombea maisha marefu.

Kesho yake Furaha alikuja kwenye meza yangu na mchoro.

"Mama, huyu haiko wa porini," akasema. "Niliangalia tundu yake ya kupumulia, ile ya ubavuni. Mkia wake iko mwembamba. Ya porini inakuwaga pana."

"Umeyaona matokeo?"

"Niliyaona. Na nilifanya alama ya pili, kipande ingine. Inasema wa nyumbani."

"Nani alikutuma ufanye alama ya pili?"

"Hakuna mtu. Nilikata mguu mwingine. Alikuwa amebakia na saba."

Nikamwambia asome mstari wa kwanza wa orodha. Akasema ameusoma, kisha ameusoma wa pili, wa tatu, mpaka chini ya ukurasa, na yote ilisema wa nyumbani isipokuwa ule mmoja wa juu.

"Basi wa juu ndiye anayefanana zaidi," nikasema. "Ndiyo maana yuko juu."

"Bon. Lakini juu ya nini iko peke yake, Mama?"

Badala ya kutafuta ni kwa nini uko peke yake, nikatumia cheo cha umri. Wakati wa kahawa, mbele ya kitengo kizima, nikasimulia kwamba Profesa wetu amepata kupe mwenye majina mawili, labda moja la ubatizo. Watu wakacheka, Magnus akiwemo, kwa adabu. Furaha alimaliza kahawa yake, akaosha kikombe, akatoka. Na kwenye tathmini nikaandika kwamba ni mchapakazi, ila ana tabia ya kutilia shaka matokeo yaliyokwisha kuthibitishwa. Nilijivunia sana ile "ila".

Baada ya wiki kadhaa Mzee Okello alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu ambaye hataki jirani asikie.

"Mama Mwana, wale wadudu wanapanda kwa pazia."

"Wangapi, Mzee?"

"Nilihesabu nikachoka. Na wenye nyumba wamesema kama haiishi, mbwa atoke. Mimi nimewaambia, yeye akitoka, na mimi natoka naye."

Mimi naishi Hagsätra na yeye Hässelby, mwanzo na mwisho wa treni ile ile, kwa hiyo nilikuwa na muda mrefu wa kukaa na kujitetea moyoni. Utetezi uliisha mlangoni. Kupe walikuwa kwenye pazia, kwenye ubao wa chini ya ukuta, kwenye mshono wa kochi, wadogo na wakubwa, vizazi vyote. Mbwa amelala katikati, mzee amempaka mafuta masikio kama mtoto. Sikuhitaji mashine. Mtu yeyote aliyewahi kusimama joshoni angejua kwamba hawa wamehamia, hawakuja kutembea. Mzee Okello hakunilaumu. Alinichemshia chai.

Nikarudi maabara moja kwa moja, nikafungua ile orodha. Kwenye orodha unaona namba na jina la kupe tu. Ukitaka kujua nani aliyeweka, inabidi ubonyeze. Katika miaka yangu yote sikuwahi kubonyeza. Nilibonyeza. Ukurasa ukafunguka: mji ni Stockholm, maabara ni yetu, na mwekaji ni mimi.

Mtaona kwamba nilipokuwa nikisimulia miaka ya Berit kuna jambo nililiruka. Niliruka makusudi. Berit alikuwa na sheria moja zaidi: jina la kupe linaandikwa kwa penseli, kwenye kikaratasi kinachokaa ndani ya mrija wa kuhifadhia, pamoja na kupe, kwa sababu spiriti haifuti penseli. Mimi niliona hilo ni la kizee. Nilikuwa nimenunua kalamu nzuri ya wino mweusi, nikaandika nje ya mirija, kwa mwandiko mzuri. Tulikuwa na kupe wa mbwa wa aina hizo mbili, waliotumwa kutoka kusini ili tuweke alama zao hazinani. Spiriti ikamwagika kidogo tu. Nilipoinua kibao kilichoshikilia mirija, nusu yake ilikuwa haina jina, na vidole vyangu vilikuwa vyeusi.

Ningeweza kumwita Berit. Angesema angalia tena, tungekaa na hadubini siku mbili, na ingeisha. Lakini nilikuwa nimeshaambiwa kuhusu penseli mara tatu, na nilikuwa na fahari ya mtu aliyetoka mbali na ambaye hataki kuonekana mjinga mbele ya wazungu. Nikafunga mlango, nikaandika majina upya kwa kumbukumbu: huyu alikuwa hapa, huyu nadhani alikuwa pale. Herufi zikapelekwa hazinani zikiwa na majina hayo. Na kwa kuwa kupe wa Mzee Okello alifanana na yule wangu kuliko wote, kompyuta ilimweka wangu juu. Yaani nilikuwa nimejiuliza swali, nikajijibu mwenyewe kutoka enzi zile, na nikamcheka binti aliyedai jibu halina akili.

Nilikwenda kwa Magnus siku hiyo hiyo nikamweleza yote. Akatikisa kichwa kwa upole. Akasema ni vizuri kwamba nimeliinua jambo hili. Tupulize dawa nyumba ya mzee kwa gharama yetu, tutoe jibu jipya, na kwenye maelezo tuandike kwamba hazina za kimataifa zina mapungufu yake.

"Mapungufu ya hazina ni mimi," nikamwambia.

"Hatuna haja ya kuyapa jina la mtu, Mwana."

"Na tathmini ya Furaha?"

"Hiyo imeshapanda juu kwa mkurugenzi. Mchakato umeanza. Tutaliangalia."

Na mimi, nikiwa nimebakiza siku chache za kazi na sifa ya kuondoka nayo, nikasema sawa. Naiandika hapa kwa sababu nisipoiandika mtadhani nilikuwa shujaa. Nilisema sawa, nikaenda kunywa kahawa, na nikapishana na Furaha kwenye korido kwa siku tatu nikimuuliza habari za mama yake.

Jioni ya siku ya tatu nilimsimulia mwanangu wa kiume. Nilianza na spiriti, nikapitia Berit, nikazunguka sana. Yeye humjibu mama yake kwa Kiswidi tangu aanze shule. "Säg det bara, mamma," akasema bila kuinua macho kwenye sahani. Sema tu, mama. Nilikasirika, kwa maana nilitaka anitetee.

Siku ya kuniaga walikusanyika wote, na mkurugenzi akashuka kutoka ghorofa yake kwa sababu kulikuwa na keki. Magnus alitoa hotuba. Alisema Mwana amekaa nasi miaka yote hii na hajamkosea kupe hata mmoja. Wakapiga makofi. Furaha alikuwa amesimama mlangoni, na yeye pia alipiga, mara mbili, akaacha.

Nilipopewa nafasi ya kushukuru nikasema tu. Nikasema kalamu, nikasema spiriti, nikasema majina niliyoyakisia. Nikasema kwamba Furaha aliliona kosa kwa macho yake, akalithibitisha kwa alama ya pili, akaniambia, na mimi nikamfanyia mzaha kwenye chumba hiki hiki. Nikamgeukia mkurugenzi nikamwambia kwamba tathmini iliyo mezani kwake ni ya uongo, na nikaomba anirudishie niandike nyingine kabla sijakata keki.

Waswidi wakatazama ndani ya vikombe vyao. Mtu mmoja akauliza kama kuna anayetaka kahawa zaidi. Magnus alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na nilimwonea huruma, kwa sababu hotuba yake ilikuwa nzuri. Mkurugenzi akanywa fundo la kahawa, akameza, akasema karatasi nitaipata baada ya kahawa. Niliipata. Niliandika nusu ukurasa, na safari hii haikuwa na "ila".

Furaha alinikuta jikoni nikiosha kikombe changu cha mwisho.

"Ulinichekaka mbele ya watu, Mama."

"Ndiyo."

"Iliniuma. Nilienda kulia kwa choo, halafu nikarudia vipimo juu nilifikiri labda iko mimi."

Nilimwomba msamaha, kwa maneno hayo hayo, bila kuyazungusha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumsukuma.

Alipata kiti. Nyumba ya Mzee Okello ilipulizwa dawa, mbwa yupo, na jibu jipya lina saini ya Furaha. Mimi nilibaki na deni la kule hazinani, maana kila maabara duniani inayopata kupe wa aina ile inaweza kusoma uongo wangu kwenye mstari wa kwanza, na anayeruhusiwa kuomba jina libadilishwe ni aliyeliweka.

Mwezi uliopita nikaenda maabara kulilipa. Kaunta wakanipa kitambulisho cha mgeni, kimeandikwa Mwana. Furaha alinikaribisha kwenye meza iliyokuwa yangu, akavuta kiti cha pembeni, akafungua ukurasa. Hadubini ilikuwa mahali pake.

"Andika," nikamwambia. "Futa wa porini, weka wa nyumbani. Tumalize, nikuache na kazi zako."

Mikono yake ilibaki mapajani.

"Ushahidi iko wapi?"

"Ushahidi gani tena? Mwenye kupe ni mimi, nilikuwepo, na ninakwambia ni wa nyumbani."

"Hata mara ya kwanza ni wewe ulisema, Mama," akajibu, bila ubaya wowote.

Akaenda stoo, akarudi na mrija wa zamani, kupe wangu akiwa ndani ya spiriti, akawasha taa ya hadubini na kuvaa glavu. Kisha akanikumbusha kwamba wageni hawaruhusiwi kukaa chumba kile wakati wa vipimo, akanionyesha benchi la kule nje, nami nikaenda kukaa.